Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni Meccano, yaani seti za vichezeo vya chuma ambazo mtoto huziunganisha kwa nati na bolti kujenga kreni, madaraja, magari na mashine nyingine. Kampuni yake ndiyo iliyotengeneza pia treni ndogo za Hornby na magari madogo ya Dinky Toys.

Hornby hakusomea uhandisi, wala hakuzaliwa katika familia yenye viwanda. Alikuwa karani wa hesabu mwenye umri wa miaka 37 alipoomba hataza ya kichezeo chake, tena kwa paundi 5 alizokopeshwa na mwajiri wake. Seti alizotengeneza zinakusanywa hadi leo na watu wa nchi mbalimbali, wengine kwa kuzipenda tu, wengine kwa matumaini ya kuweka akiba kidogo ya fedha ndani yake.

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa mjini Liverpool, katika mtaa wa Copperas Hill. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mama yake aliitwa Martha. Liverpool ya wakati huo ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa kabisa duniani, na mtoto aliyekulia hapo aliona kila siku kreni, meli, reli na maghala. Anayetazama michoro ya seti za kwanza za Hornby ataona kwamba vitu vilivyoko humo ni vile vile vya bandarini.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 akaingia katika biashara ya baba yake kama mtunza fedha. Katika ujana wake alisoma kitabu cha Samuel Smiles kiitwacho Self-Help, kinachosimulia maisha ya wavumbuzi na watu waliojiendeleza kwa juhudi zao wenyewe. Kitabu hicho kilimpa hamu ya kubuni vitu. Kwa miaka mingi hamu hiyo haikuzaa chochote cha kuuzwa.

Tarehe 15 Januari 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy, mwalimu wa shule. Walipata watoto watatu: wavulana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa, naye Hornby akaajiriwa kutunza vitabu vya hesabu katika kampuni ya David Hugh Elliott iliyokuwa ikiingiza nyama kutoka nje ya nchi.

Uvumbuzi

Kazi ya kutengeneza vichezeo ilianzia nyumbani, kwa ajili ya wanawe. Hornby alikuwa na karakana ndogo, na humo alikata vipande vya bati ili kuwatengenezea wavulana hao madaraja, malori na kreni. Tatizo lilikuwa kwamba kila kitu kipya kilihitaji vipande vipya. Daraja likishachezewa vya kutosha, vipande vyake havikuwa na kazi nyingine.

Kwa simulizi yake mwenyewe ya baadaye, wazo lilimjia akiwa safarini kwa treni wakati wa Krismasi, alipoona kreni ndogo katika stesheni ya mizigo. Aliwaza kwamba kreni ile ingeweza kujengwa kwa vipande vilivyokatwa kwa vipimo vya aina moja, vyenye matundu yaliyopangwa kwa umbali ulio sawa. Kipande cha leo kwenye kreni kingekuwa kesho kwenye daraja.

Inafaa kueleza jambo hili kwa undani kidogo, maana ndiyo siri ya kichezeo chenyewe. Hornby alichagua umbali wa nusu inchi (milimita 12.7) kati ya tundu na tundu. Upana wa kipande ulikuwa nusu inchi vilevile. Kwa hiyo vipande viwili vinaweza kukutana kwa pembe mraba, au kupishana popote, na matundu yao yakalingana daima. Jambo la pili ni kwamba tundu lile lile linalopitisha bolti linapitisha pia fimbo ya gurudumu. Hakuna haja ya kipande cha pekee cha kushikia ekseli. Kipande chochote kinaweza kuwa ukuta, mkono wa kreni au mhimili wa magurudumu. Kwa njia hiyo vipande vichache vya aina chache vinatoa miundo mingi sana.

Ili kulinda wazo hilo ilibidi apate hataza, na hataza ilihitaji fedha. Hornby hakuwa nazo. Elliott alimkopesha paundi 5, na tarehe 9 Januari 1901 maombi yakapelekwa. Kabla ya mwaka huo kwisha hataza ilikuwa imetolewa.

Paundi moja ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20 wakati huo, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Paundi 5 zilikuwa basi shilingi 100. Seti ya kwanza ilipotoka iliuzwa kwa shilingi 7 na peni 6, hivyo mkopo wote ulikuwa sawa na bei ya seti 13 tu na kitu kidogo juu.

Miaka isiyo na faida

Elliott alikubali kuwa mbia. Alikuwa na chumba kitupu karibu na ofisi yake, na humo kazi ikaanzishwa. Mwaka 1902 seti za kwanza ziliingia madukani kwa jina la Mechanics Made Easy, maana yake ni umakanika uliorahisishwa. Kila seti ilikuwa na vipande vya aina 16 na karatasi ya maelekezo yenye miundo 12.

Vichezeo hivyo havikupendeza macho. Vipande vilikuwa vya bati jembamba lililokunjwa kingo ili lisimkate mtoto, na wenye maduka walizoea vichezeo vilivyopakwa rangi na kukamilika. Hiki kilikuwa sanduku la vyuma ambalo mnunuzi hakuweza kuliona likiwa kitu mpaka akae chini na kulijenga. Henry Selby Hele-Shaw, profesa wa uhandisi mjini Liverpool, alikisifu, na sifa zake zilisaidia kuwashawishi wauzaji na wazazi.

Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, lakini faida haikupatikana. Mwaka uliofuata aina za seti ziliongezwa zikawa sita, na vijitabu vya maelekezo vikachapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Faida ya kwanza ilionekana mwaka 1906. Katika muda huo wote Hornby aliendelea na ajira yake ya karani, na kazi ya vichezeo aliifanya nje ya saa za ofisi. Wasimulizi wengi huipita miaka hii mitano haraka ili wafike kwenye utajiri, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa na hatari. Mtu mwenye watoto watatu alikuwa akiweka nguvu zake katika bidhaa ambayo haikuwa ikirudisha chochote.

Mwaka 1907 mahitaji yalizidi uwezo wa watengenezaji waliokuwa wakimfanyia vipande kwa mkataba. Hornby akaamua kuacha kazi, akatafuta jengo katika mtaa wa Duke Street na kuanza kutengeneza vipande mwenyewe. Mwezi Septemba mwaka huo alisajili alama ya biashara ya Meccano, jina fupi lisilohitaji kutafsiriwa. Mwezi Mei 1908 kampuni ya Meccano Ltd iliundwa. Elliott aliamua kutoingia katika kampuni hiyo mpya. Aliyekuwa ametoa paundi 5 za kwanza alijitoa wakati ule ule mambo yalipoanza kunyooka, na Hornby akabaki mmiliki peke yake.

Kampuni ya Meccano

Baada ya hapo ukuaji ulikuwa wa haraka. Bati la mwanzo lilibadilishwa na chuma kinene zaidi kilichopakwa nikeli, vipande vikawa na ncha za mviringo, na mwonekano wake ukawa wa mashine za kweli. Mwaka 1912 tawi lilianzishwa Paris, na ofisi nyingine ikawa Berlin. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipata leseni ya kutengeneza seti hizo. Mwaka 1914 kiwanda kipya kilifunguliwa katika barabara ya Binns Road, Liverpool, na hapo pakawa makao makuu kwa zaidi ya miaka 60.

Vita Kuu ya Kwanza iliivunja biashara ya Ujerumani. Mali za Meccano nchini humo zilichukuliwa na hatimaye kuangukia mikononi mwa Märklin, iliyoendelea kutengeneza seti za aina hiyo kwa jina lake. Huko Marekani kulikuwa na mpinzani mwingine, Alfred Carlton Gilbert, aliyeingia sokoni mwaka 1913 na seti zake za Erector. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gilbert alilinunua tawi la Meccano la Marekani.

Hornby alielewa mapema kwamba mtoto aliyenunua seti moja anaweza kurudi dukani. Seti zilipewa namba, kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa, na kati ya namba na namba kulikuwa na seti ya nyongeza. Mwenye seti namba 1 alinunua nyongeza namba 1A, na vyote viwili pamoja vikawa sawasawa na seti namba 2. Akipata 2A alifikia namba 3. Mzazi asiye na fedha nyingi aliweza kuanza kwa kidogo na kuongeza siku ya kuzaliwa au Krismasi, na hakuna kipande cha zamani kilichopotea bure. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa mtoto, na mzuri zaidi kwa kampuni.

Mwaka 1916 lilianzishwa gazeti la Meccano Magazine, na mwaka 1919 umoja wa Meccano Guild uliounganisha vilabu vya watoto. Gazeti lilieleza miundo mipya, lakini liliandika pia habari za madaraja, meli, ndege na reli za kweli. Wanafunzi wengi walisoma uhandisi kwa mara ya kwanza humo. Mkemia Harold Kroto, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alikuwa mmoja wa wanasayansi waliosema wazi kwamba Meccano iliwafunza mikono yao.

Matumizi ya seti hayakuishia utotoni. Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter wa Chuo Kikuu cha Manchester walitumia vipande vya Meccano kujenga mashine ya kukokotoa milinganyo migumu ya hisabati, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na mashine kamili ya aina hiyo. Mashine ilifanya kazi kwa usahihi wa kutosha kusaidia utafiti.

Treni na magari madogo

Kabla ya vita treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani. Mwaka 1920 Hornby alitoa treni zake mwenyewe, zilizoendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo. Za kwanza ziliunganishwa kwa nati na bolti, hivyo mtoto aliweza kuifungua injini na kuijenga upya kama Meccano. Treni za umeme zilifuata mwaka 1925.

Mwaka 1933 kampuni ilitoa magari madogo yaliyokusudiwa kupamba reli hizo, na mwaka 1934 yakapewa jina la Dinky Toys. Yalipendwa kiasi kwamba yakawa bidhaa ya kujitegemea.

Siasa na kifo

Katika uchaguzi wa mwaka 1931 Hornby alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Everton, Liverpool, kwa tiketi ya chama cha Conservative. Kazi yake bungeni haikuacha alama kubwa, na hakugombea tena mwaka 1935. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936 kwa ugonjwa wa moyo uliozidishwa na kisukari, akazikwa Maghull, karibu na Liverpool, katika uwanja wa kanisa la Mt. Andrea. Mwanawe Roland alichukua uenyekiti wa kampuni.

Kampuni baada yake

Mwaka 1938 zilitolewa treni ndogo zaidi za Hornby Dublo. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ilirudi na kustawi kwa muda, kisha vichezeo vya plastiki vikaanza kuchukua nafasi. Mwaka 1964 kampuni ilinunuliwa na Lines Bros, ambayo nayo ilianguka mwaka 1971. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa Novemba 1979. Utengenezaji uliendelea Ufaransa, na mwaka 2013 jina la Meccano likanunuliwa na kampuni ya Spin Master ya Kanada. Jina la Hornby limebaki kwa treni, chini ya kampuni nyingine.

Seti za Hornby kwa wakusanyaji

Kufungwa kwa kiwanda kuliongeza hamu ya wakusanyaji, ingawa walikuwepo tayari. Chama cha wakusanyaji wa treni za Hornby kilianzishwa Uingereza mwaka 1969. Wapo wanaonunua seti za kujengea kwa nia ya kuziuza baadaye, na kwa kuwa seti ndogo za Meccano zilitengenezwa kwa wingi, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuanza nazo. Wingi huo huo ndio unaomdanganya anayeanza. Kitu kuwa na miaka 80 hakukifanyi kuwa adimu. Vipande vilivyolegea, vilivyochakaa na kuchanganywa vya miaka tofauti, huuzwa kwa uzito kama vyuma, na thamani yake ni ya kujengea tu.

Kinacholipiwa ni ukamilifu. Seti inatakiwa iwe na sanduku lake, kijitabu chake cha maelekezo, na vipande vyote vilivyoorodheshwa, vya kipindi kimoja. Seti ambazo vipande vyake bado vimefungwa kwa uzi kwenye kadi za kiwandani, bila kuguswa, ndizo zinazotafutwa zaidi. Hapa kuna kichekesho kidogo: seti bora kwa mkusanyaji ni ile ambayo mtoto hakuichezea.

Rangi ndiyo inayosaidia kutambua kipindi. Vipande vya nikeli ni vya kabla ya mwaka 1926. Mwaka huo, kampuni ikiadhimisha miaka 25 ya hataza, zililetwa rangi nyekundu na kijani. Mwaka 1934 zikaja bluu na dhahabu, zenye mistari inayokatizana kwenye mabamba. Baada ya vita nyekundu na kijani zilirudi, hadi mwaka 1964 zilipoingia njano, nyeusi na ya fedha. Seti yenye mabamba ya bluu na vipande vyekundu imechanganywa na mtu. Ugumu ni kwamba nusu inchi ya Hornby haikubadilika, kwa hiyo kipande cha mwaka 1910 kinaingia barabara kwenye seti ya mwaka 1960, na kuchanganya ni rahisi mno. Vipo pia vipande vipya vilivyotengenezwa kuiga vya zamani, ambavyo ni halali kwa wajenzi lakini hupunguza thamani vikiuzwa kama asili. Kupaka rangi upya hupunguza thamani vilevile, hata kama kazi imefanywa vizuri.

Anayeweka fedha humo anapaswa kuhesabu pia gharama zisizoonekana. Chuma hushika kutu mahali penye unyevu, na karatasi za masanduku huliwa na wadudu. Dalali wa mnada huchukua sehemu yake, na usafirishaji wa sanduku zito la vyuma si wa bei rahisi. Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hulitaja mara chache: wanunuzi wakubwa wa Meccano ya zamani ni watu walioichezea utotoni, na watu hao wanazeeka. Utafiti mmoja wa wataalamu wa uchumi wa Urusi, uliochunguza seti za LEGO za miaka ya 1987 hadi 2015, ulikuta wastani wa ongezeko la takriban asilimia 11 kwa mwaka kwa seti zilizokwisha kuondolewa madukani, lakini kwa tofauti kubwa sana kati ya seti na seti. Takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Meccano, ambayo haina tena kizazi kipya cha watoto wengi nyuma yake.

Kwa magari ya Dinky ya kabla ya vita kuna hatari ya pekee. Yaliyotiwa zinki isiyo safi huanza kupasuka yenyewe ndani kwa ndani, hata yakiwa yamefungwa kabatini, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Mnunuzi hukagua kwanza nyufa ndogo kwenye kingo na magurudumu. Vipande vya Meccano vya chuma havina ugonjwa huo. Miongoni mwa zilizo adimu na za gharama kubwa ni seti namba 10, kubwa kuliko zote za kawaida, iliyouzwa tangu mwaka 1937 ikiwa katika kabati la mbao lenye droo. Wengi waliipata kwa njia ile ile aliyoipanga Hornby, nyongeza moja baada ya nyingine, na seti ya namna hiyo haina kabati lake.